Gari Lililozama Ziwani na Wanaolicheka

Najua nimepotea. Kazi ilinibana, kuna programu ya mteja mmoja iliyokataa katakata kutulia, na kila nilipoketi niandike usingizi ulinishinda. Leo nimerudi na mada ambayo hamjaizoea hapa: barafu. Si ile ya kutia kwenye sharubati. Nazungumzia barafu inayofunika ziwa zima wakati wa baridi kali, ikawa ngumu kiasi kwamba watu hupita juu yake na magari kwenda kuvua samaki. Mara moja moja gari huzama. Watu wanaotazama hucheka, na ni kicheko hicho kilichonifanya niandike.

Kama hujaona video za aina hii, nitakueleza zilivyo. Kuna uwanja mweupe usio na mwisho. Kuna pikapu, mara nyingi mpya na ya bei. Mbele ya gari kunaanza kuinama polepole, maji meusi yanatokea kando ya magurudumu, kisha kwa sekunde chache gari lote linakuwa paa tu, halafu hata paa halionekani. Baada ya hapo husikii swali la kama dereva alitoka. Unasikia: mjinga huyo. Alidhani barafu ni lami? Si afadhali angenunua samaki sokoni? Wenzetu hapa nyumbani huongeza lao, kwamba wazungu wamekosa shida mpaka wakaamua kujitafutia. Na kuna wale wasiocheka bali hukaripia, wanaouliza kwa nini kodi ya umma igharamie helikopta ya kumwokoa mtu aliyejipeleka mwenyewe.

Sijasema wote wamekosea. Lakini kicheko hicho kina dhana moja ndani yake, kwamba aliyezama hakujua jambo ambalo mtoto wa chekechea anajua: gari ni zito, barafu huvunjika. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na kila siku nahangaika na mifumo inayokubali mzigo leo na kuukataa kesho. Nikaanza kusoma jinsi barafu inavyobeba gari. Nilichokuta ni kwamba wavuvi wale wanaijua barafu kuliko sisi sote tunaocheka, na bado wanazama.

Kwanza, kwa nini gari? Chukua jimbo la Minnesota kule Marekani, ambalo hata namba zake za magari zimeandikwa kwamba ni nchi ya maziwa 10,000. Maziwa kama Mille Lacs na Upper Red Lake ni mapana, na samaki anayetafutwa anaweza kuwa kilomita kadhaa kutoka ufukweni. Mvuvi hubeba keekee kubwa ya kutobolea barafu, jiko la kupasha joto, viti, chakula, na mara nyingi kibanda kizima. Siku hizi kuna vibanda vya magurudumu vyenye vitanda na jiko, vinavyovutwa na pikapu kama trela. Wenye hoteli za ufukweni hufungua barabara juu ya ziwa, huondoa theluji, huweka alama, na kutoza ada ya kupita. Maelfu ya vibanda husimama juu ya maji, ukawa mji wenye watu na magari mpaka barafu inapoanza kulegea. Kwa wenyeji hilo si jambo la kichaa. Babu alifanya, baba alifanya.

Idara ya maliasili ya jimbo hilo ilikuwa ikitoa vipimo hivi kwa miaka mingi: inchi 4 za barafu mpya iliyo angavu, yaani kama sentimita 10, kwa mtu anayetembea kwa miguu, inchi 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji, inchi 8 hadi 12 kwa gari dogo, inchi 12 hadi 15 kwa pikapu ya wastani. Kama barafu ni nyeupe, ile iliyochanganyika na theluji, zidisha mara mbili. Na idara hiyohiyo husema wazi kuwa hakuna barafu iliyo salama kwa asilimia 100.

Sasa angalia namba hizo kwa jicho la mtu wa hesabu. Nguvu ya barafu kubeba mzigo haiendi sambamba na unene; kwa makadirio yanayotumiwa na wahandisi, inaenda na unene uliozidishwa kwa wenyewe. Barafu ya sentimita 20 haibebi mara mbili ya ile ya sentimita 10, hubeba mara nne. Hilo ni zuri ukiwa unaongeza. Ukigeuza upande wa pili linatisha: barafu ikipungua ikabaki nusu ya unene, imebaki na robo tu ya nguvu. Na unene haulingani ziwa zima. Pale mto unapoingilia, pale chemchemi inapobubujika chini, pale theluji ilipolala kama blanketi ikazuia baridi isifike, barafu huwa nyembamba, na kwa juu yote ni meupe yaleyale. Mvuvi aliyetoboa mashimo 5 akapata inchi 14 kila mahali amepima mashimo 5. Gari litapita juu ya mita 2,000.

Ulishawahi kujaribu programu kwa watumiaji 5 ukaambiwa iko tayari kwa watu 2,000? Basi.

Kuna jambo jingine lililonishangaza zaidi. Barafu ya ziwani haishikiliwi na kingo kama daraja. Inaelea. Gari likiwa juu yake, barafu hupinda chini kidogo, ikawa kama sahani pana, na maji ya chini husukumwa. Gari likitembea, sahani hiyo hutembea nalo, na majini huzuka wimbi. Kama kasi ya gari ikikaribia kasi ya wimbi lenyewe, wimbi haliwezi kukimbia mbele. Linajikusanya chini ya gari na barafu hupinda zaidi na zaidi. Kwenye maji ya kina kifupi kasi ya wimbi refu ni kipeuo cha pili cha 9.8 mara kina. Chukua kikokotoo: kina cha mita 5 kinakupa mita 7 kwa sekunde, yaani kilomita 25 kwa saa. Kina cha mita 2 kinakupa kama kilomita 16 kwa saa. Kwa hiyo dereva anayerudi nyumbani, anayeuona ufukwe mbele yake na kukanyaga mafuta kidogo kwa sababu hatari imekwisha, ndiye anayelichochea wimbi, na wimbi hilo hugonga ufukwe na kumrudia.

Hili si nadharia ya vitabuni. Kaskazini mwa Kanada kuna barabara ya Tibbitt hadi Contwoyto, inayojengwa upya kila msimu wa baridi tangu 1982 kwenda kwenye migodi, sehemu kubwa yake ikipita juu ya maziwa. Malori yaliyojaa hayaruhusiwi kuzidi kilomita 25 kwa saa, na mahali pengine ni chini ya hapo. Unene hupimwa kwa rada inayovutwa juu ya barafu, usomaji baada ya usomaji, si mashimo 5. Na kabla ya hapo kuna Ziwa Ladoga. Majira ya baridi ya 1941, mji wa Leningrad ukiwa umezingirwa na majeshi ya Ujerumani, malori yalipeleka chakula juu ya barafu, na madereva waliendesha milango ikiwa wazi katika baridi ile, ili waweze kuruka. Wao hakuna anayewacheka. Lakini barafu ni ileile, na fizikia haiulizi kama umebeba unga wa kuokoa watu au ndoano za kujifurahisha.

Nirudi kwenye kucheka, maana kisa kilichochekwa kuliko vyote nilivyosoma ni cha mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Februari 2016. Kulikuwa na tamasha la majira ya baridi, watu wamekuja kutazama sanamu za theluji. Maegesho yalijaa, wakaegesha juu ya ziwa. Baadaye barafu ikalegea na magari kama 15 yakaanza kuzama, mengine kiasi, mengine zaidi. Hakuna aliyeumia. Picha za magari yaliyopangwa mstari, yote yameinamisha pua kwenye maji kama ng'ombe wanaokunywa, zilizunguka dunia. Nakubali, hata mimi midomo ilicheza.

Lakini hebu jiweke kwenye nafasi ya aliyefika wa kumi. Umekuta magari tisa yamesimama salama. Huo si ujinga, huo ni ushahidi, na wewe na mimi tunautumia kila siku: tunakula kwenye kibanda chenye wateja wengi, tunapanda matatu iliyojaa tukiiacha tupu. Kasoro ni kwamba hapa ushahidi wenyewe ndio mzigo. Kila gari lililokuwa linasema "ni salama" lilikuwa linapunguza usalama huo. Barafu iliyobeba gari linalopita haijaahidi kubeba gari linalokaa. Ukiliacha gari mahali pamoja, barafu huendelea kupinda polepole saa baada ya saa, na ndiyo maana wenye uzoefu huambiwa waache futi 50 kati ya gari na gari, na wasogeze magari kila baada ya saa 2. Kuna hila moja nzuri pia: toboa shimo kando ya gari lako. Maji yakianza kufurika juu ya shimo, barafu inashuka, ondoka. Nimeipenda hila hiyo. Ni kipimo cha bei rahisi, unakitazama kwa macho, na kinakuonya kabla mambo hayajaharibika. Nimefanya kazi na seva ambazo hazikuwa na kitu cha maana kama shimo lile.

Kuna waliokaripia ambao nawapa haki yao. Februari 2009, kwenye Ziwa Erie upande wa Ohio, wavuvi walikuta ufa kwenye barafu. Wakaweka mbao za kupakilia mizigo juu ya ufa, wakafanya daraja, wakavuka kwenda kuvua mbele. Upepo ukageuka, pande kubwa la barafu likamegeka na kuondoka nao, daraja likaanguka majini. Zaidi ya watu 130 waliokolewa, wengine kwa helikopta, na mtu mmoja alikufa. Sherifu wa kaunti alisimama mbele ya wanahabari akasema bila kuficha kwamba ule ulikuwa upumbavu. Yeye alikuwa na askari wake juu ya barafu ile. Mtu anayetuma wenzake kwenye hatari ana haki ya hasira. Anayetazama akiwa kwenye kochi akinywa chai, sijui haki yake imetoka wapi.

Na si kila utani ni ubaya. Kule Nenana, Alaska, tangu 1917 watu hununua tiketi na kubahatisha siku, saa na dakika ambayo barafu ya mto Tanana itavunjika. Wamecheza kamari hiyo kwa zaidi ya karne, wakaandika dakika kwa uangalifu kwa sababu pesa zipo, na wanasayansi wakaja kuchukua orodha ile kuchunguza mabadiliko ya hali ya hewa. Pale wanaicheka barafu. Hawamcheki mtu.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili limenikaa rohoni.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, yuko Minnesota mwaka wa saba sasa. Wakenya ni wengi kule, makanisa ya Kiswahili yapo, unga wa ugali unapatikana. Anafanya kazi ya ghala, na wenzake kazini walimzoesha kuvua juu ya barafu. Shangazi hataki hata kusikia. Mwanzoni tulimtania sana: mtu wa Kisumu, aliyelelewa ukingoni mwa ziwa, amekwenda kukaa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kutafuta samaki wa ukubwa wa kiganja.

Majira ya baridi yaliyopita mwenzake mmoja wa ghala alizamisha pikapu karibu na mlango wa kijito. Magurudumu ya mbele yaliingia, yeye akatoka kwa dirisha akiwa amelowa hadi kifuani, na usiku rafiki zake wawili wakaja na winchi wakalivuta. Kesho yake alikwenda kazini kama kawaida. Hakusema neno. Unajua kwa nini? Mwaka uliotangulia kuna mwingine pale ghalani aliyezamisha gari mchana, watu wakampiga video, na mpaka leo jina lake ni Nahodha. Akipita na toroli watu huiga king'ora cha meli. Huyu wa pili alijua kinachomngoja. Akafunga mdomo.

Siku nne baadaye binamu alikuwa ndani ya gari la mtu mwingine, wakielekea upande uleule. Theluji mpya ilikuwa imeanguka usiku. Shimo lilikuwa limeganda tena juu, nyembamba, na limefunikwa vizuri. Mbele yao wakaona tawi la msonobari limechomekwa kwenye theluji, peke yake, mahali pasipo na mti wowote. Binamu akauliza, hilo ni la nini? Dereva akasimama. Hawakujua ni la nini, lakini tawi halitembei lenyewe mpaka katikati ya ziwa. Wakashuka, wakatoboa. Inchi 3.

Aliyechomeka tawi hajulikani. Binamu anadhani ni mwenye pikapu mwenyewe, alirudi usiku kimyakimya. Alishindwa kusema lakini hakuweza kuacha.

Aliponisimulia nilikumbuka ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, ambayo jina lake nitaliacha. Kulikuwa na kijana mgeni, ametoka chuo miezi michache tu, akaendesha amri isiyofaa kwenye hifadhidata ya wateja. Mfumo ukalala karibu saa mbili. Mkubwa wetu aliitisha mkutano wa wafanyakazi wote, akaonyesha ile amri ukutani kwa projekta, herufi kubwa, na watu wakacheka. Kijana naye akacheka, unajua kile kicheko cha kujiokoa. Hakuna aliyeuliza kwa nini mgeni wa miezi michache alikuwa na ruhusa ya kugusa hifadhidata hiyo. Kilichofuata ndicho ninachotaka ukione: kuanzia siku hiyo hitilafu ndogo zilikoma kuripotiwa. Mkubwa alifurahi, akadhani mfumo umetulia. Watu walikuwa wanazirekebisha usiku na kufuta nyayo. Nyufa zilikuwepo, matawi ndiyo yalikosekana.

Ile kanuni ya unene kuzidishwa kwa wenyewe, niliyokutajia juu, inatokana na kazi ya Lorne Gold wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, iliyochapishwa 1971. Hakuipata kwa kukaa na karatasi tu. Alitumia taarifa za kampuni za mbao na karatasi zilizokuwa zikipitisha mizigo juu ya barafu: mzigo gani ulipita, unene ulikuwa kiasi gani, na mzigo gani ulizama. Fikiria mtu wa kampuni fulani, kiongozi wa genge la wakata miti, anayeandika kwenye fomu kwamba trekta letu la tani kadhaa liliingia majini, barafu ilikuwa inchi kadhaa. Angeweza kunyamaza. Kama wote wangeona haya, tungebaki na orodha ya mizigo iliyopita salama peke yake, na kwa orodha hiyo ungeweza kuthibitisha kwamba barafu hubeba chochote.

Nilimuuliza rafiki yangu mmoja anayependa sana video hizi kama angecheka video ya mto Enziu. Alinikasirikia. Wasomaji wa Kenya mnaikumbuka: Desemba 2021, Kaunti ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya wakienda harusini liliingia kwenye maji yaliyofunika daraja, likasombwa, na zaidi ya watu 30 wakafa, huku watu kando ya mto wakipiga picha. Pale pia dereva aliona daraja analolijua na maji ambayo hakujua nguvu yake. Hatukucheka kwa sababu tuliwajua waliokufa. Rafiki yangu akasema si sawa, wale walikuwa wanakwenda harusini na hawa wanakwenda kuvua. Tuliachana hapo, hakukubali na mimi sikukubali.

Kabla sijaendelea, jambo moja la kumfaa mtu, kwa sababu nimeona wengi wanaocheka hawalijui, na halihitaji barafu: linafaa hata Likoni. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba amefanya majaribio ya kuzamisha magari majini yakiwa na watu wenye ujuzi ndani. Gari huelea kwa muda mfupi, nusu dakika hadi dakika mbili hivi. Muda huo ndio wako. Usipige simu. Fungua mkanda, fungua dirisha, toa watoto, toka. Usihangaike na mlango, maji yanausukuma kwa nje, na ukifaulu kuufungua gari linajaa mara moja. Maji yakishafika kwenye kioo dirisha nalo hugoma. Kwa maji ya baridi kali anafundisha hesabu ya 1, 10 na 1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, maana mwili hushtuka na unaweza kuvuta maji; dakika 10 ambazo mikono bado inakutii; na saa 1 kabla fahamu hazijapotea. Watu wengi hudhani baridi inaua papo hapo, wakakata tamaa wakiwa bado na dakika 9. Wavuvi makini hutembea na vijiti viwili vyenye misumari vimening'inia shingoni, vya kujivutia juu ya barafu. Binamu anavyo. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana.

Kuna tukio moja ninalolipenda kama mtu wa teknolojia. Ziwa Upper Red Lake, 29 Desemba 2023. Pande la barafu lilimegeka kutoka ufukweni likiwa na watu juu yake, na maji yalikuwa yanapanuka. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2022, ziwa hilohilo lilikuwa limeondoka na watu wapatao 200, kwa hiyo unaweza kukisia maneno yaliyosemwa kuwahusu hawa wa pili. Waokoaji walirusha droni kuwatafuta. Kisha wakatuma tahadhari ya dharura kwenye rununu zilizokuwa eneo lile, yenye vipimo vya GPS vya mahali pa kuokolewa. Watu 122 waliondolewa. Baadhi walikuwa wameingia majini wakijaribu kuvuka wenyewe, lakini hakuna aliyekufa.

Nilisoma jinsi tahadhari hizo zinavyofanya kazi, maana ni mfumo mzuri. Haihitaji kujua namba ya mtu yeyote. Mnara wa simu hutangaza ujumbe kwa kila rununu iliyo karibu, kama redio, hata kama mtandao umelemewa na simu za watu. Zamani ujumbe ulikuwa na kikomo cha herufi 90. Siku hizi ni herufi 360 kwa rununu mpya. Unaambiwa uko wapi hatari na uelekee wapi. Nimejaribu kufikiria afisa aliyeketi kuandika ule wa Desemba 2023, giza limeingia, akijua fika kwamba ni ziwa lilelile la mwaka jana.

Jumapili nilimpigia binamu nikamuuliza kama rununu yake inapokea tahadhari hizo. Akasema alizizima zamani, zilikuwa zinamwamsha usiku akitoka zamu. Nikamwambia aziwashe nikiwa hewani. Alinung'unika, nikasikia akibonyeza bonyeza, akauliza ziko kwenye menyu gani, nikamwelekeza. Zimewashwa.